Alama za Tupa

Maneno niliyoyasema mbele ya mafundi vyuma, wanafunzi wa ufundi na watunzaji wa makumbusho, Tanga

Wazee wangu, shikamooni. Mafundi wenzangu, asalaam aleikum. Na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, sogeeni mbele mkae hata chini, maana nitakachowaonyesha ni kidogo na hakionekani kwa mbali.

Ni hiki. Kinaenea kwenye kiganja. Upande huu kinang'aa kama kijiko kipya. Nikikigeuza, upande wa ndani ni mweusi, umeshika kutu na mafuta ya zamani yaliyoganda. Huu ni mtambo wa bunduki ya gumegume. Ulikuwa wa babu yangu, mhunzi wa Pangani. Mtutu tuliukabidhi polisi babu alipofariki, kama sheria inavyotaka. Mbao zilishaliwa na mchwa siku nyingi. Mtambo ukabaki peke yake kwenye kasha la tupa zake, shingo imevunjika, hauwezi kuwasha hata unyasi.

Jioni hii nataka kuwaeleza kwa nini upande huu unaong'aa ndio ulioharibika, na ule mweusi ndio mzima.

Kwanza neno lenyewe. Siku hizi ukimwita mwanamume gumegume umemtukana. Maana yake hana faida kwa mtu. Neno hilo likitumika hivyo linaniuma. Gumegume ni jiwe, lile gumu la rangi ya moshi au ya asali, ambalo ukilivunja kwa ustadi linatoa makali kama ya kioo. Kutoka kwenye jiwe, jina likahamia kwenye bunduki, na bunduki hiyo ilitawala mapori na vita duniani kwa zaidi ya miaka mia mbili. Hakuna cha kudharau hapo.

Jiwe hubanwa kwenye taya za kijichuma kilichopinda shingo. Waingereza na Wajerumani, kila mmoja kwa lugha yake, wanakiita jogoo, na ukikitazama kilivyoinamisha kichwa utakubaliana nao. Ukivuta kifyatulio, jogoo anadonoa. Jiwe linaparuza bamba la feleji, yaani chuma kigumu, lililosimama mbele yake, bamba linafunuka, na chini yake kuna kisahani chenye punje chache za baruti. Wazee wetu wa pwani kisahani hicho wanakiita kifa. Wengi hudhani cheche inatoka kwenye jiwe. Haitoki huko. Jiwe linakwangua chembe ndogo mno za chuma, na chuma hicho ndicho kinachowaka hewani. Kwa hiyo bamba likiwa laini hupati cheche, na likiwa gumu kupita kiasi jiwe linateleza tu juu yake. Ugumu unaotakiwa uko katikati, na fundi anautafuta kwa moto, kwa maji, na kwa kuangalia rangi inavyotembea juu ya chuma kinapopashwa tena taratibu: manjano hafifu, kahawia, zambarau, buluu. Ukichelewa kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, rangi imeshapita.

Mpangilio huu wa jogoo, bamba na kifa ulikamilishwa Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17. Anayetajwa zaidi ni Marin le Bourgeoys wa mji wa Lisieux, Normandy, mtu aliyekuwa mchoraji vilevile, akimtumikia mfalme Henri IV. Ipo bunduki moja kutoka familia hiyo ya mafundi, iliyokuwa mali ya mfalme Louis XIII, katika Metropolitan Museum of Art, New York. Nimekwenda kuitazama mara mbili. Ni nzuri mno, imepambwa kila mahali, imekaa nyuma ya kioo. Lakini walionifundisha mimi ni mafundi wa watu wa kawaida, na hao nawaeleza sasa.

Nilifika Pennsylvania kwa kazi ya kuchomelea vyuma. Karibu na nilipopanga alikaa mzee mmoja wa Kimarekani, mstaafu, ambaye banda lake la nyuma lilikuwa na fuawe, viriba vya ngozi na jiliwa ya kizamani ya kubania vyuma. Alikuwa akitengeneza bunduki za gumegume kwa mkono, moja kwa mwaka, pengine moja kwa miaka miwili, zile ndefu nyembamba za karne ya 18. Kule ni kazi halali, na wapo wengi wanaoifanya. Jumamosi moja alinikuta nimesimama mlangoni kwake nasikiliza nyundo. Hakuniuliza natoka wapi. Alinipa tupa na kipande cha chuma, akasema nikifanye kiwe bapa.

Nilikuwa fundi wa miaka kadhaa, nina vyeti vyangu. Nikajua kazi ya nusu saa. Nikapiga tupa, nikampelekea. Akaweka ukingo wa rula juu ya chuma, akakiinua kwenye dirisha, na mwanga ukapita chini ya rula kama jua linavyopita chini ya mlango. Akanirudishia. Wiki sita, ndugu zangu. Kila Jumamosi kwa wiki sita nilipiga tupa chuma kilekile, mpaka siku mwanga ulipokataa kupita. Siku hiyo ndiyo aliyonikaribisha chai.

Nimemwita mwalimu wangu tangu hapo, na ndiye aliyenipeleka kuona walikokaa mafundi anaowafuata.

Hapa Tanzania Wamoravian mnawajua. Wengi wenu mna ndugu Mbeya na Tabora, na wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891. Miaka 150 kabla ya hapo, mwaka 1741, Wamoravian haohao walijenga mji wa Bethlehem huko Pennsylvania. Jirani na mji mwingine wao uitwao Nazareth walikuwa na makazi ya vijana wa kiume, jina lake Christian's Spring, na humo palikuwa na karakana ya bunduki. Andreas Albrecht, aliyezaliwa Ujerumani mwaka 1718, alifundisha hapo. Mwanafunzi wake Christian Oerter, aliyezaliwa mwaka 1747, akaishika karakana baada yake.

Oerter alikuwa na tabia moja ambayo sisi tunaofuata nyayo zake tunaishukuru sana: aliandika jina lake na mwaka juu ya mitutu. Zipo bunduki zake za 1774, 1775 na 1776. Mwaka 1777 alifariki, kijana wa takriban miaka 30. Wenzake wengi hawakuandika kitu, na kazi zao leo zinatambuliwa kwa kukisia, kwa umbo la kitako na mkono wa nakshi. Kijana huyu kwa kuandika tarakimu nne tu ametupa kigingi cha kufungia kamba.

Bunduki zenyewe zilizaliwa kutokana na bunduki za wawindaji wa Kijerumani, ambazo zilikuwa fupi na zenye tundu pana. Kule Marekani, kizazi baada ya kizazi, mafundi wakazirefusha mpaka mtutu peke yake ukapita mita moja, wakalipunguza tundu ili risasi na baruti zisiliwe nyingi, kwa sababu mwindaji alikuwa anakaa porini miezi. Ndani ya mtutu wakachonga mifuo inayozunguka taratibu, ili risasi itoke ikijizungusha na isiyumbe. Mbao ni za mti wa mepo, ule ambao jani lake limo kwenye bendera ya Kanada, na wanachagua mti wenye mawimbi ndani ya nyuzi zake, kiasi kwamba ukiugeuza kwenye mwanga unadhani unatikisika.

Bunduki moja ya Oerter, ya mwaka 1775, iliibiwa kwenye makumbusho ya Valley Forge mwaka 1971. Ikapotea miaka 47. Kisha mfanyabiashara wa vitu vya kale akainunua kwenye mnada wa ghalani, akiamini amenunua nakala nzuri iliyotengenezwa na fundi wa zama hizi. Alipokaa nayo na kuichunguza ndipo alipong'amua alichokuwa nacho, na mwisho ikarudishwa. Niliposimuliwa habari hiyo nilifikiri juu ya wezi kama kila mtu. Baadaye nikaanza kufikiri juu ya mafundi. Nakala zimefikia kiwango ambacho mtu anayeishi kwa kazi hiyo anashika bunduki halisi mkononi na kudhani ni nakala. Watu hawa wamejifunzaje?

Maana vitabu hawakuachiwa. Mafundi wa karne ya 18 walimwonyesha mwanafunzi, mwanafunzi akaona, akafanya, akakosea, akapigwa kofi, akafanya tena. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 fataki, vile vikofia vidogo vinavyolipuka vikigongwa, zikalifukuza jiwe la gumegume, kisha viwanda vikawafukuza mafundi. Wachache tu milimani, upande wa Virginia, Tennessee na Kentucky, waliendelea mpaka karne ya 20. Mnyororo ulikuwa umebaki uzi.

Katika miaka ya 1960, katika mji wa Williamsburg, Virginia, ambao umehifadhiwa ulivyokuwa zama za ukoloni wa Waingereza, fundi mmoja kijana, Wallace Gusler, alijipa kazi ya kutengeneza bunduki moja kamili kwa vifaa na njia za karne ya 18, kuanzia mchi wa chuma mpaka nakshi ya mwisho. Alifanikiwa, na filamu ikapigwa akiwa kazini. Karakana ile bado ipo, na anayeingia kujifunza anakaa miaka mingi kabla ya kuitwa fundi kamili.

Waliopita njia hiyo walikuwa na mwalimu mmoja tu wa uhakika: bunduki zenyewe. Na walipozifungua hawakutazama sana upande wa nje, kwa sababu upande wa nje fundi ameulainisha, amefuta nyayo zake. Walitazama ndani. Kwenye tundu la mbao linalokaa mtambo, ambako fundi hakutarajia jicho la mtu lifike, patasi imeacha alama zake zote. Unaona upana wa patasi, unaona ilianzia wapi, unaona pale ilipoteleza. Chini ya mtutu kuna mistari aliyojichorea kwa ncha ya sindano. Kwenye tumbo la bamba la mtambo kuna mikwaruzo ya tupa, na mikwaruzo hiyo ina pembe, ina kina, ina mahali ilipochoka. Mtu akishaijua lugha hiyo anasoma kazi ya siku nzima ya mtu aliyekufa miaka mia mbili iliyopita.

Mwalimu wangu alikuwa na mazoea ya kufunga macho na kupitisha ukucha juu ya chuma. Alisema ukucha unasoma kuliko jicho.

Sasa mtutu. Hapa nitakawia kidogo, wahunzi wenzangu mtanielewa. Unachukua bapa refu la chuma laini, unalikunja kwenye moto mpaka kingo zake mbili zikaribiane kama majani ya kitabu kinachofungwa. Kisha unaziunganisha kwa moto na nyundo, bila kuchomelea kwa umeme, bila waya, kipande cha upana wa vidole vitatu au vinne kwa kila mpasho. Chuma lazima kifike rangi nyeupe, kianze kutoa vimulimuli kama vya fataki ya Idd, uso wake uonekane umelowa. Hapo una sekunde chache. Mwenzako anaingiza mchi ndani ya bomba ili lisibonyee, wewe unapiga, na unapiga kwa upole kuliko unavyodhani, kwa sababu chuma wakati huo ni kama unga uliokandwa. Kama kimeshika, sauti ya nyundo inabadilika. Mwanzo inasikika *tap, tap*, sauti ya vitu viwili. Halafu ghafla inakuwa nzito, ya kitu kimoja.

Mara ya kwanza sikuisikia. Nilikuwa nimefika katikati ya bomba, kazi ya siku tatu, nikaacha chuma ndani ya makaa kwa sababu nilitaka kuwa na hakika ya moto. Kikaungua. Kilipotoka kilikuwa na matundu kama mkate wa kumimina. Mwalimu hakusema kitu. Alikata kile kipande, akakitundika kwenye msumari juu ya fuawe yangu, na kilikaa hapo miaka yote niliyofanya kazi bandani kwake. Bomba langu la kwanza lililoshika lote lilikuwa la nne.

Baada ya hapo bado. Tundu linatobolewa kwa keekee ndefu ya kuzungusha kwa mkono, linasafishwa, mtutu unanyooshwa kwa kutazama kivuli cha uzi ndani yake. Mifuo inachongwa kwa kijino kimoja cha feleji kilichofungwa kwenye ufito, kikivutwa na gogo lililochorwa mizunguko. Kila mvuto unatoa unga mwembamba kama poda. Mfuo mmoja ni mivuto mingi sana, na mifuo mara nyingi ni saba.

Kuhusu mbao niseme jambo moja tu, kwa sababu lilinifurahisha. Nilimwona mwalimu akilainisha kitako kwa majani fulani makavu yenye mashina magumu, ambayo mafundi wa zamani wa huko waliyatumia kabla ya karatasi za kusugulia. Nikamwambia, Bwana, sisi pwani tuna mti unaitwa msasa, majani yake yanakwaruza kama ulimi wa paka, maseremala wetu wanalainishia nayo mbao, na karatasi ilipokuja tukaipa jina la mti. Akaweka kitako chini, akanitaka nimwandikie neno hilo. Lilikuwa ukutani kwake, kwa chaki, M-S-A-S-A, siku niliyoondoka.

Niwaondolee dhana moja ambayo hata kule inawapoteza wengi. Watu wanapenda kumfikiria fundi mmoja kwenye kibanda chake msituni, anafanya kila kitu peke yake. Waingereza wana hata msemo unaotaja mtambo, kitako na mtutu kwa maana ya kitu kizima bila kubakiza. Ukweli ni kwamba mafundi wengi wa Lancaster, mji mwingine wa Pennsylvania, na kwingineko walinunua mitambo iliyotengenezwa Uingereza au Ujerumani, ikaletwa kwa meli kwa mapipa. Mitutu nayo ilikuja kutolewa kwenye vinu vya maji kandokando ya mito. Fundi alikusanya, akarekebisha, akaoanisha, akachonga, akapamba. Ufundi wake ulikuwa katika kuvifanya vitu vitatu vilivyotoka mikono mitatu viungane kama mfupa na nyama.

Nalisema hili kwa sababu linatuhusu sisi moja kwa moja.

Bunduki za gumegume zilifika hapa kwa meli. Tarehe 21 Septemba 1833, huko Maskati, Sayyid Said, Sultani aliyetawala Maskati na pwani yetu, alitia saini mkataba na Wamarekani, na ndani yake kuna kifungu cha bunduki: kisiwani Unguja, bunduki, baruti na risasi waiuzie serikali ya Sultani peke yake, lakini katika bandari zake nyingine zote wamuuzie yeyote atakayetoa bei ya juu. Pangani ilikuwa miongoni mwa bandari hizo nyingine. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta bunduki na baruti pamoja na kile kitambaa tulichokiita amerikani, wakaondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Na tuseme wazi, bunduki hizo zilitembea pamoja na misafara ya watumwa. Sipambi historia hiyo. Chuma hiki kilikuwemo.

Halafu mwaka 1890 mataifa yalikutana Brussels, wakafunga mlango wa silaha mpya kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Lakini wakaacha tundu: bunduki za gumegume zisizo na mifuo, na baruti ya kawaida, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Ndiyo maana silaha ambayo Ulaya ilishaitupa iliendelea kukaa kwetu vizazi viwili zaidi. Ulaya ikaisahau, sisi tukabaki nayo, inaharibika, na hakuna vipuri.

Nani alikuwa anaitengeneza?

Hapo ndipo ninaporudi kwenye mtambo huu. Nilipokuwa ng'ambo, ndugu zangu waliuazima kwa maonyesho fulani. Sitataja ni ya nani, na aliyefanya hakuwa na nia mbaya. Alitaka upendeze. Akaupeleka kwenye mashine ya kusugua yenye brashi ya waya. Ukarudi nyumbani unang'aa, na mama akanipigia simu kwa furaha: babu yako anameremeta. Niliporudi likizo nikaushika, nikafunga macho, nikapitisha ukucha. Hakuna kitu. Kioo. Palikuwa na maandishi hapa chini ya kifa, nayakumbuka tangu utotoni, herufi ndogo ambazo sikuwahi kuzielewa. Zimeisha. Jina la mji, jina la fundi, mwaka, sijui, na hakuna atakayejua tena.

Nililia, na mbele yenu sioni haya kusema hivyo.

Kilichookoa upande wa ndani ni parafujo moja iliyoshikwa na kutu. Aliyesugua alishindwa kuifungua, akaacha. Mimi niliilowesha mafuta siku tisa, ikakubali. Ndani nikakuta kazi ya watu wawili. Bamba na sehemu nyingi zimepigwa tupa kwa mwelekeo mmoja, mikwaruzo imelala kulia, sawasawa, ya kiwandani huko Ulaya, mtu anayefanya bamba kama hilo mara kadhaa kwa siku. Lakini springi kubwa, ile kamani inayompa jogoo nguvu, si ya kiwandani. Imetoka kwenye msumeno. Njooni baadaye mtaona, kwenye ukingo mmoja bado kuna mashina matatu ya meno ya msumeno ambayo tupa haikuyamaliza. Mtu alijua kwamba msumeno wa Kizungu ni feleji nzuri, inapinda na kurudi. Akaukata, akaukunja kwenye moto bila kuupasua, akauchovya, akaurudisha kwenye rangi ya buluu, akaupiga tupa ukae ndani ya nafasi ambayo haina hata unene wa kadi ya simu wa ziada. Nimetengeneza springi za namna hiyo. Mbili kati ya tatu zangu za mwanzo zilivunjika siku ya kwanza. Hii haijavunjika mpaka leo. Shingo ya jogoo imekatika, springi ni nzima.

Na mikwaruzo ya tupa juu yake imelala kushoto.

Babu yangu alikuwa shoto. Mama anasimulia alivyokuwa akigombezwa na mama yake kwa kula kwa mkono huo. Hakuna picha ya babu yangu, wazee wangu. Hakuna karatasi yenye saini yake. Ninacho hiki.

Sasa ombi langu, na nitalisema kwa makundi mawili.

Nyinyi wa makumbusho na wenye vitu vya kale majumbani: kabla hamjasugua, fungueni. Kabla hamjafungua, pigeni picha, na taa iwekwe pembeni, iangaze kwa kulala, ndipo mikwaruzo inapoinuka. Mafuta laini na kitambaa cha pamba vinatosha kuzuia kutu isiendelee. Kutu iliyokwisha kukaa na kutulia haiwaombi kitu. Brashi ya waya ikae mbali, na mashine ikae mbali zaidi.

Nyinyi mafundi: sisemi mtu akatengeneze bunduki. Kuunda gobori bila kibali ni kosa la jinai, na watu wameumia na kufa kwa magobori ya mabomba ya maji yanayopasukia usoni. Kazi niliyoifanya kule nimeiacha kule. Ninachokiomba ni masikio. Handeni, Pangani, Lushoto, kuna wazee waliokaa kwenye viriba wakiwa watoto, wakiwavutia baba zao moto. Baadhi yao wanajua kamani za gumegume zilirekebishwa vipi, makaa ya mti gani yanafaa, chuma kilichovywa kwenye maji au kwenye mafuta, kwa nini. Kule Marekani walilazimika kufufua ujuzi huu kutoka kwenye chuma kikavu, kwa sababu walichelewa kuuliza. Hapa bado kuna watu wa kuulizwa. Nendeni na simu zenu, mrekodi mikono yao, si nyuso zao tu. Kama mzee ana kasha la tupa, muombeni alifungue, na muulize kila tupa ilifanya kazi gani.

Nimeleta taa ndogo na kioo cha kukuzia. Nitakaa pale mezani. Njooni kwa zamu, wazee kwanza. Futeni jasho la mikono kabla ya kushika, na msianze na upande unaong'aa. Anzeni na springi, tafuteni yale meno matatu.